Kenya National Theatre: tunayosimuliana na yaliyotokea

Dhana: Ukumbi huu wa maigizo wa Nairobi ni zao la uhuru, ndiyo maana ukaitwa wa kitaifa.

Ulifunguliwa tarehe 6 Novemba 1952, na aliyeufungua ni mwigizaji Mwingereza, Sir Ralph Richardson. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 20. Yaani kamatakamata ya Mau Mau ndiyo kwanza inashika kasi, na pale mkabala na hoteli ya Norfolk watu wanakaribishwa kwenye michezo. Taifa lenyewe lilikuja miaka kumi na mmoja baadaye.

Dhana: Bendera ilipopandishwa 1963, jukwaa likawa letu.

Thubutu! Oktoba 1976, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipeleka pale tamthilia yao ya kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, na Francis Imbuga akapeleka Betrayal in the City. Zote mbili zilikuwa zinaandaliwa kuiwakilisha Kenya kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi, Lagos. Hata hivyo zilipewa siku chache tu, zikabanwa katikati ya balei kutoka Ufaransa na kichekesho cha muziki cha kikundi cha Wazungu wa mjini. Ukumbi ulijaa. Igizo la Kimathi lilipomalizika, watazamaji walijiunga na waigizaji, wakatoka nje wakiimba na kucheza hadi barabarani. Ukiniuliza mimi, usiku ule ndio uliokuwa ufunguzi wenyewe.

Dhana: Igizo hilo ndilo lililomtia Ngũgĩ kizuizini.

Hili hata walimu hulichanganya. Lililomponza ni igizo la Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nitakapotaka), aliloandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Halikuchezwa Nairobi bali Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kwa Kigĩkũyũ, na waigizaji wake walikuwa wakulima na vibarua wa papo hapo. Leseni ya kulionyesha ilifutwa Novemba 1977, naye Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa mwishoni mwa Desemba. Kimathi wa Kiingereza, mbele ya wasomi wa mjini, alivumilika. Mkulima anayemsema tajiri wake kwa lugha ambayo kijiji kizima kinaielewa, hapo serikali ikaona yamezidi.

Kikundi hicho hicho cha Kamĩrĩĩthũ kilipotaka kuleta igizo jingine, Maitũ Njugĩra (Mama Niimbie), kwenye ukumbi wa taifa mwaka 1982, kibali hakikutoka na milango ikafungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, hatua chache kutoka pale, wakaendelea na mazoezi mbele ya umati hadi huko nako wakazuiwa. Mwaka huo huo polisi waliubomoa ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ.

Dhana: Siku hizi pamekufa.

Jengo lilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2015. Wanafunzi huletwa kwa mabasi kutazama vitabu vya fasihi wanavyotahiniwa, tena wana kelele kweli. Na Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilipanda jukwaa hilo hilo, kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza.