Je, wajua kwa nini akaunti ya gemu huibwa hata nenosiri likiwa gumu?

Kwenye vibanda vya PlayStation vya Majengo, Kisauni na Bamburi, Mombasa, akaunti ya mtu ikiibwa maelezo huwa yale yale: mdukuzi alikaa na kompyuta yake akakisia nenosiri mpaka akalipata. Dawa nayo ni ile ile: tia herufi kubwa, ongeza namba, malizia na alama ya mshangao. Wachezaji wa eFootball, Free Fire na PUBG Mobile hupeana ushauri huo kwa nia njema, lakini unaziba tundu ambalo wezi wengi hawalipitii.

Hesabu yenyewe inaonyesha hivyo. Chukua nenosiri la herufi nane ndogo tupu, lile ambalo kila mtu atakwambia ni dhaifu. Michanganyiko inayowezekana ni takriban bilioni 209. Anayekisia kwenye ukurasa wa kuingilia lazima asubiri jibu la seva, yaani kompyuta ya kampuni, kila mara. Hata aachiwe majaribio 10 kwa sekunde usiku na mchana, kuyamaliza yote kutamchukua zaidi ya miaka 660. Na haachiwi: baada ya makosa machache seva humzuia kwa muda au humpa fumbo la picha. Kukisia mlangoni huwanasa wale walioweka 123456, jina lao, au namba yao ya simu. Hao wana kila sababu ya kubadilisha leo. Wengine huibiwa kwa njia nyingine.

Njia hiyo huanzia kwenye kampuni. Kampuni makini haihifadhi nenosiri lako lenyewe. Hulipitisha kwenye hesabu isiyorudi nyuma, ikaweka matokeo peke yake. Faili la matokeo hayo likiibwa, mwizi hukisia kwenye mashine yake mwenyewe, ambako hakuna seva ya kumzuia. Hapo kadi ya michoro, ile ile inayonunuliwa ili nyasi za uwanja zionekane vizuri kwenye gemu, inaweza kujaribu mabilioni ya maneno kwa sekunde dhidi ya hesabu za zamani kama MD5. Kwa kasi ya bilioni moja tu kwa sekunde, ile michanganyiko bilioni 209 inaisha kwa dakika tatu na nusu hivi. Nenosiri ni lile lile. Miaka 660 imekuwa muda wa wimbo mmoja wa taarab kabla haujachanganya. Kuna kampuni zinazotumia hesabu zilizofanywa za polepole makusudi, kama bcrypt, na hizo humchelewesha mwizi mno. Ila mchezaji, akiwa nje, hana dirisha la kuchungulia ni hesabu gani iliyotumika.

Kampuni nyingine hazikupiga hesabu yoyote. Desemba 2009, kampuni ya RockYou, iliyotengeneza programu ndogo na magemu ya mitandao ya kijamii, iliibiwa manenosiri takriban milioni 32 yakiwa yameandikwa wazi. Nenosiri la herufi 30 lenye alama za kila aina lilisomeka kwa urahisi sawa na 123456, ambalo ndilo lililoongoza kwa kutumiwa na watu wengi.

Mchezaji wa Likoni ambaye hajawahi kusikia RockYou anahusikaje? Mchukulie mfanyabiashara mwenye ufunguo mmoja unaofungua nyumba yake ya Tudor, duka lake la Marikiti na stoo ya kukodi kule Kongowea. Nyumbani ameweka kufuli zito la chuma. Stoo ina mlinzi mzembe anayetundika nakala za funguo za wateja msumarini, kila mmoja na jina la mwenyewe. Usiku mmoja funguo zote zinachukuliwa. Mwizi hana haja ya kuvunja chochote Tudor. Anasoma jina, anakwenda, anaingiza ufunguo, mlango unafunguka. Kufuli limefanya kazi yake sawasawa, kwa sababu ufunguo ni wake kweli. Lingekuwa zito mara kumi, lingefunguka vivyo hivyo. Jina kwenye ufunguo ndiyo anwani ya barua pepe. Stoo ya Kongowea ni ile tovuti au gemu ndogo uliyojisajili mara moja miaka mingi iliyopita ukaisahau.

Mtandaoni mwizi hata hahitaji kukujua wewe ni nani. Programu yake huchukua mamilioni ya jozi za barua pepe na nenosiri zilizovuja, ikazipitisha kwenye milango ya huduma maarufu, mara nyingi jaribio moja kwa kila akaunti na kupitia kompyuta nyingi tofauti. Kwa kuwa kila akaunti imeguswa mara moja tu, ule ulinzi wa kuzuia baada ya makosa kadhaa hauamki. Aprili 2020 Nintendo ilitangaza kwamba akaunti takriban 160,000 zimeingiliwa, na baadaye hesabu ikafika 300,000. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba majina na manenosiri yalipatikana kwingine, si kwenye huduma zake.

Ndiyo maana nguvu ya nenosiri iko kwanza katika upekee wake, kisha urefu. Hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani ambayo mwongozo wake wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulisaidia kueneza mazoea ya alama na namba, iligeuza msimamo mwaka 2017: ikashauri watu wasilazimishwe kuchanganya alama wala kubadilisha nenosiri kila baada ya muda, bali nenosiri jipya lilinganishwe na orodha za yaliyovuja. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, hukuonyesha bure kama barua pepe yako imo kwenye mavujo yanayojulikana. Kukumbuka manenosiri kumi tofauti si kazi ya kichwa. Tumia kidhibiti cha manenosiri kilichomo kwenye simu, kinachoyakumbuka kwa niaba yako, au hata daftari linalobaki nyumbani. Mwizi aliye bara jingine hawezi kulifikia.

Ukiwa na nafasi ya kubadilisha moja tu, anza na barua pepe. Kitufe cha "umesahau nenosiri" cha kila gemu hutuma kiungo huko, kwa hiyo mwenye barua pepe ndiye mwenye akaunti zote zilizofungwa nayo.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuombwa namba ya muda juu ya nenosiri, na pakiwa na hiari, chagua programu ya simu inayotoa namba sita badala ya kuipokea kwa meseji. Meseji hufuata laini, na Wakenya wanajua kutokana na visa vya M-Pesa kwamba laini inaweza kuhamishiwa kwenye kadi ya tapeli. Ile programu haipokei chochote: zima data, zima mtandao wote, bado namba hubadilika kila sekunde 30. Ulipoiskani ile QR siku ya kwanza, simu na seva zilipata siri moja. Tangu hapo kila upande huchukua siri hiyo na saa ya sasa, hupiga hesabu ile ile, na majibu hukutana bila pande hizo mbili kuzungumza. Utaratibu huo ulichapishwa kama kiwango cha wazi mwaka 2011, na saa ya simu yako ikipotea kwa dakika kadhaa, namba hukataliwa.

Hata hivyo namba hizo hazizuii kila kitu. Ukurasa wa bandia unaoahidi almasi za bure, zile za kununulia vitu ndani ya gemu, unaweza kukuomba nenosiri pamoja na namba, ukazipitisha kwenye seva halisi kabla sekunde hazijaisha. Na programu ya kudanganya mchezo iliyopakuliwa nje ya duka rasmi inaweza kunakili ile alama ambayo simu hupewa ukishaingia, mwizi akaitumia bila kuulizwa nenosiri wala namba. Dawa ya hilo ni kuifuta programu yenyewe kwanza, kisha kutoka kwenye vifaa vyote na kubadilisha nenosiri. Kwenye saiba au kibanda, toka kwenye akaunti kabla hujainuka kitini.

Kununua akaunti iliyokwisha kujazwa vitu nako huonekana baadaye kama udukuzi. Muuzaji hubaki na barua pepe ya kwanza na risiti za ununuzi, na huo ndio ushahidi ambao kitengo cha msaada cha gemu kwa kawaida huuliza. Akidai akaunti imepotea, anarudishiwa yeye. Kwa akaunti uliyoifungua mwenyewe ushahidi huo ni wako, kwa hiyo usizifute risiti, na uandike tarehe uliyoifungua.