"Haya ni maji baridi, mamba wa chumvi atafuata nini huku?" Dhana potofu ninazozisikia kila safari ya Kakadu

Juni iliyopita nilipeleka watu tisa Kakadu, kilomita 250 hivi mashariki mwa Darwin. Wengi walikuwa familia za Kitanzania na Kikongo zinazoishi huku Australia, wamechoka na kazi za zamu, wanataka siku mbili tatu za hema, moto na wanyama. Tulifika kambini saa kumi jioni. Sijamaliza kupigilia vigingi vya hema la kwanza, nikamwona mama mmoja mzaliwa wa Mwanza anateremka bwawani na sufuria ya ugali mkononi. Anakwenda kuiloweka. Nikamkimbilia.

"Mama, samahani, naomba rudi huku juu."

"Kuna nini mwanangu? Si ulisema mamba wakali wa huku ni wa maji chumvi? Haya nimeyaonja, ni maji baridi."

Ameyaonja! Maana yake alishafika ukingoni mara moja, akainama, akachota kwa kiganja, na mimi sikumwona. Naongoza wageni huku mwaka wa kumi na moja sasa, na maneno hayo nimeyasikia kwa madaktari, kwa wanafunzi, kwa wavuvi waliozaliwa kando ya Ziwa Victoria na mamba wanawajua. Leo nimeona niyaandike nimalize.

Kinachowaponza watu ni jina. Kaskazini mwa Australia kuna mamba wa aina mbili, mmoja anaitwa wa maji chumvi, mwingine wa maji baridi. Basi mtu anaigawa nchi kichwani mwake: pwani ni ya huyu, bara ni ya yule. Mamba hana habari na mgawo huo. Huyu wa maji chumvi ana tezi kwenye ulimi zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini, ndiyo maana anaweza kukatiza hata bahari. Lakini kuweza kukaa chumvini si kufungwa chumvini. Anapanda na mito zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini, anaingia vijito, anaingia vinamasi, na jike hujenga kiota chake cha majani na tope kwenye vinamasi vya maji baridi na kutaga humo wakati wa mvua.

Na mvua za huku si za mchezo. Kuanzia Novemba hadi Aprili mito inafurika, mbuga inageuka ziwa, na mamba anakwenda popote maji yanapomfikisha. Mwezi wa Mei maji yanashuka, mito inakatika vipande vipande, kila kipande kinabaki bwawa, wenyewe huliita bilabongi. Mamba aliyekuwa humo siku maji yalipokatika amebaki humo. Kwa sababu hiyo kila mwaka askari wa hifadhi hupita usiku na tochi kutafuta macho, huweka mitego, huacha maboya laini yaelee majini waone kama yataumwa, kabla ya kuruhusu watu sehemu za kuogelea kama Maguk na Jim Jim. Na hata wakisharuhusu, hawakwambii kwamba hatari imekwisha. Wanakwambia imepungua, na ukiingia umeingia kwa hiari yako.

Mama alikuwa bado hajaridhika, nikamweleza kwa sangara. Huku kuna samaki anaitwa baramundi, wa jenasi moja na sangara wa Mwanza. Baramundi anakulia mtoni, maji baridi kabisa, kisha anateremka mdomoni mwa mto kutaga kwenye chumvi. Kila mvuvi wa Darwin anajua hilo na hashangai. Sasa kama samaki anakwenda na kurudi, anayemla samaki atazuiwa na nani?

Hapo ndipo alipoitazama sufuria yake, kisha bwawa. Nikamwonyesha, tukiwa tumesimama juu mbali na ukingo, hatua kama thelathini kulia kwa pale alipokuwa ameinama: tope limelainishwa kwa upana wa mlango, katikati mchirizi mmoja wa mkia, pembeni alama za kucha. Tope lilikuwa limesukumwa kuelekea majini na lilikuwa bado linameta kwa unyevu. Mamba alikuwa anaota jua pale, na tulipowasili na magari akateleza kuingia. Bwawa lenyewe lilikuwa shwari, yungiyungi zimechanua, hakuna hata kiwimbi.

Utulivu huo ndio unaodanganya. Mamba mkubwa akitulia anaweza kukaa chini zaidi ya saa nzima, na akiibuka anaonyesha macho na pua tu, kitu unachoweza kukifunika kwa kitabu. Halafu anajifunza ratiba yako. Leo jioni umeosha vyombo hapa, kesho asubuhi umeosha hapahapa, kesho jioni unakuja mara ya tatu na yeye ameshasogea. Ndiyo maana mamlaka za huku zinasema piga kambi angalau mita 50 kutoka majini, ukivua samaki simama angalau mita 5 kutoka ukingoni, usiparue samaki kando ya maji, usirudie sehemu ileile. Mimi naongeza langu, na silegezi: hizo mita 50 uzihesabu kwa miguu, hatua sabini ndefu. Jicho la mtu aliyeendesha gari saa tatu litaona ishirini ni hamsini. Na maji ya kuoshea yatoke Darwin. Natembea na madumu ya lita 20, nahesabu lita 10 kwa kila mtu kwa siku, sufuria inalowekwa kambini. Mgeni akininunia kwa hilo, na aninunie.

"Lakini huyu si yule mdogo mpole?" Mamba wa maji baridi kweli ni mdogo, nadra kufika mita 3, pua yake nyembamba kama mwiko, chakula chake samaki, vyura na wadudu. Hawindi watu, ila ukimkanyaga au ukimbana atakuuma. Tatizo ni kwamba wote wawili wanakaa mabwawa hayohayo, na macho mawili juu ya maji hayakuonyeshi urefu wa pua iliyo chini.

"Mjomba wangu aliogelea hapo miaka ya sabini." Namwamini mjomba wako. Aliogelea kwenye mto uliokuwa umemalizwa na wawindaji wa ngozi. Jimbo la Northern Territory lilipopiga marufuku uwindaji huo mwaka 1971, mamba wa maji chumvi walikuwa wamebaki kama 3,000. Leo wanakadiriwa kufika 100,000. Mto ni uleule, wenyeji wake wamerudi.

Na kwa kuwa tunazungumzia majina: mito mitatu ya Kakadu inaitwa Alligator, wa mashariki, wa kusini na wa magharibi. Aliyeiita hivyo ni Phillip Parker King, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19. Aliona mamba akadhani ni aligeta, mnyama mwingine wa jamii ya mamba. Australia haina aligeta porini hata mmoja. Kwa hiyo usijifunze wanyama wa huku kwa kusoma ramani.

Ukishakaa mita 50 na maji yako ya dumu, siku inakuwa ya raha kabisa, na hapa naingia kwenye dhana ya pili inayonichosha: kwamba Kakadu ni Serengeti ya Australia. Mtu anafika anataka tuzunguke na gari kutwa nzima. Hifadhi hii inakaribia kilomita za mraba 20,000. Utazunguka, utakula vumbi, utaona lami na vichuguu. Huku hakuna makundi ya nyumbu. Hakuna simba, hakuna chui. Mla nyama mkubwa wa nchi kavu ni dingo, mbwa mwitu wa kimanjano anayekukwepa. Nyati utakaowaona ni wa Asia, waliletwa na Waingereza karne ya 19 wakatorokea porini, na wanaharibu vinamasi. Wanyama wa Kakadu wanaonwa na mtu aliyekaa.

Kwa hiyo nunua kiti cha kukunja kabla hujanunua kamera. Amka jua halijachomoza, weka kiti juu, sehemu inayoona maji kwa mbali, darubini shingoni, kikombe cha chai mkononi, ukae saa moja na nusu bila kunyanyuka. Asubuhi ile na wale tisa tulianza na kukabara mwenye mabawa ya buluu. Ni mdiria, ila mkubwa kama kunguru, na sauti yake ni kama ya mtu anayebwekea kichakani. Akafuata yule ndege mdogo mwenye kishungi chekundu na vidole virefu kupita kiasi, akatembea juu ya majani ya yungiyungi pasipo kuzama, vifaranga wake wawili nyuma. Kisha tai mweupe wa baharini, jamaa ya furukombe wetu, akatua juu ya mti mkavu. Korongo mwenye shingo nyeusi inayong'aa kijani alipita taratibu kwenye maji ya kina kifupi, na yule mama akasema, "Huyu namjua." Kweli, nduguye yuko kwenye vinamasi vya kwetu. Jua lilipopanda, walabi, kangaruu wadogo, wakajongea vichakani kutafuta kivuli, jike mmoja na kichwa cha mtoto kimetokeza mfukoni. Hatukuwasha gari hadi saa tatu na nusu.

Ukija Septemba au Oktoba, peleka kiti chako Mamukala, kwenye kibanda cha kuangalilia ndege. Maji yakishapungua kila mahali, bata bukini weusi kwa weupe hukusanyika pale kwa maelfu kuchimba vitunguu vya majani ya majini, na kelele zao zinasikika kabla hujazima injini.

Koala? Hakuna. Koala yuko mashariki na kusini mwa nchi, kwenye mikaratusi ya huko. Usiniulize tena.

"Bara la Australia ni jangwa, hema la nini, tutalala nje tu." Huku ni tropiki. Darwin hupata mvua ya milimita 1,700 hivi kwa mwaka, kuliko Dar es Salaam. Mbu wapo, chandarua lete. Na wale wanaokuja na shuka moja kwa kuwa "tropiki hakuna baridi", usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 17 au chini ya hapo. Nimeshagawa makoti yangu ya kutosha.

Nyoka. Wanaokufa kwa nyoka Australia nzima kwa kawaida ni wawili watatu kwa mwaka, na nyoka wengi wa huku huondoka wakisikia kishindo cha miguu. Vaa viatu vilivyofunika, usiku tembea na tochi. Kinachonitisha mimi ni tiba tunazokuja nazo kutoka nyumbani. Nimemkuta kijana ana jiwe la nyoka kwenye begi la dawa, pamoja na wembe. Usichanje, usinyonye, usiweke jiwe, usifunge kamba ya kukata damu. Usioshe hata jeraha, maana mabaki ya sumu kwenye ngozi yanawasaidia hospitali kujua dawa ya kutoa. Chukua bandeji pana inayovutika, funga kwa kukaza kiungo chote kilichoumwa, kiwekee gango, mtu alale asitembee, piga 000, namba ya dharura ya huku. Sehemu kubwa ya Kakadu haina mtandao, kwa hiyo anayeongoza kundi awe na simu ya setilaiti. Asiponayo, badilisha anayeongoza.

Mnyama mdogo anayenihuzunisha huku kuliko nyoka wote ni chura. Chura wa miwa aliletwa Queensland mwaka 1935 kula mbawakawa wa mashamba ya miwa, hakuwamaliza, akaenea. Alifika Kakadu mwaka 2001. Ana sumu, na wanyama wengi wanaommeza hufa: kenge wakubwa waliokuwa wanazurura kambini kama kuku, wengi wametoweka. Wageni wanaponiambia "huku hakujaguswa", huwa nawaonyesha chura huyo chini ya taa ya choo.

Mwisho, moshi. Kila Mei hadi Julai napokea simu: hifadhi inaungua, tuahirishe? Hapana. Huo ni moto unaowashwa kwa makusudi na askari wa hifadhi pamoja na Wabininj, wenye ardhi. Wanawasha mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, moto unatambaa chini na kuacha mabaka yaliyoungua na yasiyoungua, ili moto mkali wa Septemba usipate njia ya kukimbilia. Wabininj wanahesabu misimu sita kwa mwaka, na kazi hiyo huanza msimu wa Yegge, ikaendelea huu wa baridi, Wurrgeng.

Na moto huo ukiuona ukiwa mbali salama, toa darubini. Juu ya moshi kuna mwewe kwa makumi, jamaa ya yule anayenyakua vifaranga uani kwetu, wanazunguka wakisubiri panzi na mijusi wanaokimbia. Wenyeji wanasimulia kwamba wako wanaookota kijiti kinachowaka, wanakivusha barabara na kukiangusha kwenye nyasi za upande wa pili. Mimi bado sijakiona kwa macho yangu, na kila Juni naweka kiti changu nikiangalia.