Kabla ya kumsingizia mganga, pigeni hesabu ya nauli

Kampuni za chai, mbao na parachichi huku Nyanda za Juu Kusini zikikaa kupanga bajeti ya kusaidia jamii, hoja ni ileile: "Vijana wenye saratani tukiwachangia, wazazi wanaacha kemo (tiba ya dawa za saratani) wanakimbilia kwa mganga." Imetosha. Shikeni kalamu.

Kijana wa miaka 16 wa Rungwe ana limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu, amepangiwa Dar es Salaam mizunguko 6 ya ABVD, mchanganyiko wa dawa nne za kemo. Dawa huingia siku ya 1 na ya 15 ya kila mzunguko, yaani mara 12. Yeye na mama yake, kwenda na kurudi kila mara: tiketi 48, kila moja ya kilomita zaidi ya 800. Mama akiwa mchuma chai wa kulipwa kwa kilo, siku asiyochuma hana kitu. Kufikia mzunguko wa tatu uvimbe wa shingoni mara nyingi umeshanywea, kijana anamaliza ugali wake, na mbuzi wameshauzwa. Hapo ndipo safari hukatika. Ugonjwa uliobaki hurudi, tena mgumu kuliko mwanzo.

Kwa hiyo lipeni nauli. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali awape tarehe za kliniki, kwa ridhaa ya kijana na mzazi; ninyi mlipe wakala wa basi moja kwa moja, watu wawili, safari kwa safari. Hundi moja kubwa ya mwezi wa kwanza huishia kwenye sare na madaftari ya wadogo zake, na mama huyo hana kosa. Linalosahaulika ni hili: chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, zikiwa chini, daktari anaweza kuahirisha dozi kwa wiki nzima. Tiketi ya kurudi inapita, hela ya malazi inakwisha. Wekeni akiba ya siku 7 za kulala na kula kwa kila safari.

Visingizio vingine navyo navisikia. "Saratani haiponi, tumpelekee zawadi." Katika nchi tajiri zaidi ya 80% ya watoto wenye saratani hupona. "Itaambukiza bweni." Haiambukizi; yeye ndiye wa kukingwa na surua na tetekuwanga za wenzake.

"Siku ya kampuni tutachangia damu watu 200." Mgonjwa wa kemo huweza kuhitaji damu wakati wowote, na damu nzima hukaa takriban siku 35, chembe sahani (zinazogandisha damu) siku 5 tu. Leteni watu 10 kila wiki mbili, kwa zamu: mwanaume huchangia tena baada ya miezi 3, mwanamke baada ya 4.

Na badala ya fulana na maboksi ya juisi, mnunulieni kipimajoto. Aliye kwenye kemo akifika nyuzi 38 aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama anacheka. Asimeze panadol kwanza: itashusha joto na kuficha maambukizi. Kipimajoto hicho kiambatane na namba ya dereva wa kampuni aliyekubali kuamshwa saa nane usiku.