Modulesheni ni nini, na kwa nini VHF ikawa makazi ya FM

Wimbi la redio likitoka mnarani bila kupakiwa chochote halisemi kitu. Stesheni ya megahezi 88.2 hutoa mtikisiko wa umeme mara milioni 88.2 kila sekunde, na kama mtikisiko huo haubadiliki, msikilizaji atapata kimya. Ili mtangazaji asikike, lazima jambo fulani katika wimbi lifuate sauti yake. Kazi hiyo ndiyo modulesheni. Kwa redio ya kawaida njia ni mbili: kubadilisha ukubwa wa wimbi, yaani AM, au kubadilisha kasi ya mtikisiko wake, yaani FM.

AM ndiyo kongwe. Radio Uganda, ambayo mizizi yake ni ya 1954, ilisikika miaka mingi kwa mawimbi ya kati na mafupi, yote AM. Tatizo ni kwamba radi, jenereta na nyaya mbovu za umeme nazo huongeza au kupunguza ukubwa wa wimbi, na redio haina namna ya kutenganisha mngurumo na taarifa ya habari. Waliokulia kando ya Ziwa Victoria, kwenye radi nyingi kama zile, wanaijua kelele hiyo.

Edwin Armstrong wa Marekani, aliyepata hataza zake za FM mwaka 1933, aliikwepa kelele kwa njia nyingine. Sauti ikiwa kwenye kasi ya mtikisiko, redio inaweza kuvikata vilele vyote vya wimbi, kelele ikaenda navyo, na sauti isidhurike.

Usafi huo hulipiwa kwa nafasi. Stesheni ya FM huyumba hadi kilohezi 75 (mitikisiko 75,000 kwa sekunde) kila upande, na ikibeba sauti inayofika kilohezi 15, hula takriban kilohezi 180. AM huku kwetu hupangwa kila kilohezi 9. Ukanda mzima wa mawimbi ya kati, wenye nafasi 120 za AM, ungebeba stesheni sita tu za FM! Kati ya megahezi 87.5 na 108, ndani ya VHF (masafa ya juu sana, megahezi 30 hadi 300), nafasi ipo. Ndiko zilikokaa Sanyu na Capital zilipofungua mlango wa redio binafsi Kampala mwishoni mwa 1993. Bei nyingine ni umbali: mawimbi ya VHF husafiri karibu kama macho yanavyoona, ndiyo maana kilima kama Kololo cha Kampala kina thamani kubwa kwa wenye mitambo.

Lakini VHF haimaanishi FM moja kwa moja. Panda kidogo tu, kati ya megahezi 118 na 137, utawakuta marubani na waongozaji wa ndege wa Entebbe wakizungumza kwa AM. FM ina tabia ya kumeza: stesheni mbili zikigongana, yenye nguvu humfunika mwenzake kabisa. Dereva wa Masaka hulishukuru hilo, kwani muziki haumchanganyikii na mahubiri. Rubani hawezi kukubali, maana aliyefunikwa huenda ndiye mwenye dharura. Kwa AM wawili wakiongea pamoja husikika mvurugo, na mwongozaji anajua kuna mtu mwingine hewani.

Ukishachagua FM, bado kuna stereo. Tofauti ya sauti ya kushoto na kulia hupakiwa juu, kuzunguka kilohezi 38, na huko kelele ya FM ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mahali ambapo mono (sauti moja isiyogawanywa kushoto na kulia) inasikika safi, stereo huweza kuwa inakwaruza. Naona vituo vidogo vya wilayani vinavyotangaza mazungumzo, bei za mahindi na matangazo ya vifo vingebaki mono, vikawafikia vizuri wasikilizaji wa pembezoni ambao redio zao, mara nyingi, zina spika moja tu.