"Ukiacha gepu utachomekewa mpaka kesho" na uongo mwingine wa kuendesha gari mjini Dar

Kila nikipata mwanafunzi ambaye leseni anayo tayari ila mjini anaogopa kuingia, tukifika tu pale Faya maneno ni yale yale, "mwalimu, mjini ukiacha gepu na gari ya mbele watu wanakuchomekea, hufiki." Wiki hii nimeyasikia tena kwa dada aliyefundishwa hivyo na mume wake, basi nimechoka, ngoja niandike.

Tupige hesabu kwanza. Foleni ikitembea spidi 20 tu, ile ya kuvutana vutana Bibi Titi jioni, gari inakula mita 5 na nusu kila sekunde. IST nzima, bampa la mbele mpaka la nyuma, haifiki mita 4. Yaani ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki ushatembea zaidi ya urefu wa gari yako, sasa we umeacha futi mbili nyuma ya daladala, tena daladala ambayo abiria akisema shusha inasimama hapo hapo aliposemea, unategemea nini? Na ukiigonga trafiki akija mara nyingi kesi ni yako wa nyuma, konda atakuwa ameshakwambia hivyo hata kabla trafiki hajafika.

Kuchomekewa je? Utachomekewa ndio, sibishi. Ila gari moja ikiingia mbele yako inakuchelewesha sekunde mbili tatu, hata zikiingia kumi kabla hujafika Mnazi Mmoja umepoteza kama nusu dakika, na hiyo nusu dakika mnakuja kuimalizia wote pamoja mmesimama kwenye mataa yanayofuata. Halafu wengi hawachomekei kwa sababu umeacha nafasi, wanachomekea kwa sababu mbele yao kuna kirikuu kimepaki kinashusha mzigo au daladala imeganda inasubiri abiria. Wangeingia tu hata ungebana vipi, tofauti ni kama wataingia kwenye nafasi au wataingia na rangi ya gari yako.

Na kitu ambacho watu hawakiunganishi kabisa, hofu yenyewe inatokea hapo hapo. Ukibanana na wa mbele macho yote yanaganda kwenye taa zake za breki, boda anayekuja kushoto humuoni, anayevuka katikati ya magari na mzigo kichwani humuoni, trafiki ameshaita upande wenu we hujui mpaka upigiwe honi, kwa hiyo kila kitu kinakuja kwa kukushtukiza halafu unasema mjini pagumu. Rudi nyuma kidogo uone kama hutoanza kuona mambo kabla hayajakufikia.

Mkisimama kwenye foleni, simama pale unapoona tairi za nyuma za gari ya mbele zimekanyaga lami, na kipande cha lami chenyewe ukione. Hapo wa mbele akizima gari unakata usukani unatoka zako bila kurudi nyuma, na lori la manyuo likiteleza kidogo kurudi halikupati. Wanafunzi wangu wote nawalazimisha hivyo, wanakasirika, sijali.

Kinachonikera karibu sawa na hicho ni hazadi, zile indiketa za kushoto na kulia kuwaka kwa pamoja. Eti kwenye makutano ukienda moja kwa moja washa hazadi! Nani alianzisha hii? Aliyesimama upande wako wa kushoto mara nyingi anaona indiketa ya kushoto tu inawaka, anaamini unakata kushoto, anaingia. Kunyooka hakuna taa yake jamani, unanyooka tu. Hazadi ni ya gari iliyoharibika au iliyosimama pa hatari.

Kiplefti, ule mzunguko wa kwenye makutano, mwenye haki ni aliyeshaingia ndani, yule anayekujia kutoka kulia kwako. Sio mwenye basi wala mwenye honi nene. Wakikulazimisha wape wapite maana bati ni lako, ila usije ukadhani hiyo ndo sheria.

Gari oto na miguu miwili, mmoja breki mwingine mafuta, hapana. Ukishtuka unakanyaga vyote viwili kwa pamoja. Mguu wa kushoto hauna kazi, uweke pembeni ulale.

Wengine wanaamini kujiamini ni ubabe, wengine wanaamini usalama ni kutembea 15 barabara ikiwa imefunguka. Hao wa 15 ndo wanapitwa na boda kushoto na kulia kwa wakati mmoja halafu wanalia. Mwisho wa spidi mjini ni 50, we tembea na mwendo wa wenzio na hilo gepu lako. Na ukikosea leni usikate ghafla mbele za watu, nyooka, utazunguka mtaa wa mbele, hakuna aliyekufa kwa kuzunguka.

Kingine ni "mwalimu nisubiri niache kuogopa kwanza ndo niingie mjini." Huwezi kuacha kuogopa Posta ukiwa umekaa Mbezi. Nenda Jumapili asubuhi, Posta panakuwa patupu, chagua njia moja tu irudie mpaka ujue leni ipi inakupeleka wapi, soma zile barabara za kwenda tu bila kurudi, ukishazoea ndo ujaribu siku ya kazi. Kariakoo iwe ya mwisho kabisa, na mchana wa siku ya kazi hata mi nikifuata spea kule gari naiacha nyumbani, napanda mwendokasi nashuka Gerezani.