Ugonjwa wa Behçet: vidonda vya mdomoni na sindano inayoacha kipele

Vidonda vya mdomoni vinanirudia kila mara. Je, ndiyo Behçet?

Pengine sivyo. Vidonda hivi huwatoka watu wengi sana, na Behçet ni ugonjwa adimu. Ndani yake, kinga ya mwili huivimbisha mishipa ya damu, mikubwa kwa midogo. Jina limetokana na Hulusi Behçet, daktari wa ngozi wa Istanbul aliyeueleza mwaka 1937, na Uturuki ndiko unakoonekana zaidi. Cha kutia shaka ni vidonda kurudi mara tatu au zaidi ndani ya miezi 12, tena vikiandamana na dalili nyingine.

Dalili zipi?

Vidonda sehemu za siri, ambavyo mara nyingi huacha kovu. Wengi huvificha kwa aibu, na ndoa nyingine huingia shaka bure, maana ugonjwa huu hauambukizi. Kuna pia vinundu vyekundu vinavyouma kwenye miundi, vipele kama chunusi na maumivu ya viungo.

La kuogopa zaidi ni jicho. Likiwa jekundu, linauma, halistahimili mwanga au linaona ukungu, muone daktari wa macho siku hiyohiyo. Usijitibu kwa matone ya dukani, watu wamepofuka.

Eti sindano huuchochea?

Ndiyo. Kwa baadhi ya wagonjwa, ngozi ikichomwa sindano hutoka kipele chekundu au chenye usaha palepale ndani ya saa 24 hadi 48. Madaktari wamekigeuza kuwa kipimo: wanakuchoma mkononi, unarudi baada ya siku mbili. Kipele kisipotoka, bado huwezi kusema huna. Lakini kama kila ukitolewa damu mkono huota usaha, liseme hilo mwenyewe, kwani ni nadra kuulizwa.

Vichochezi vingine je?

Kung'oa jino, na bakteria wa mdomoni kwa jumla, kwa hiyo usafi wa meno si jambo dogo. Wapo wanaotokwa na vidonda siku chache baada ya kuacha sigara (hiyo isiwe kisingizio cha kuirudia). Wengine hulaumu nanasi au nyanya; ushahidi ni haba, ila kama kitu kinakuwasha, kiache.

Kipimo cha damu kipo?

Hakuna kinachoutambua peke yake. Daktari huunganisha historia yako, na vidonda hupona kabla ya siku ya miadi. Vipige picha kwa simu vinapotoka, uandike na tarehe.