Hita ya maji imegoma? Soma hapa kabla hujakimbilia dukani

"Maji hayapati moto, hita imekufa." Hii kauli ndo inauza hita nyingi mpya hapa mjini. Tangi likiwa halivuji mara nyingi hita bado nzima, kilichogoma ni kitu cha bei ndogo tu ndani. Zima breka kwanza, sio swichi ya bafuni peke yake, hakikisha kwa testa, halafu fungua kifuniko uitafute themostati, yaani kifaa kinachokata umeme maji yakishapata moto, nyingi zina kitufe kidogo ambacho maji yakizidi moto kinaruka na kukata umeme chenyewe. Kibonyeze, ukisikia "tak" basi kilikuwa kimeruka. Ila kikiruka tena usigeuze kuwa kazi ya kila asubuhi, inawezekana themostati imechoka haikati kwa wakati, itafutwe sababu.

Kama tatizo sio kitufe, chomoa waya za elementi, kile chuma kinachochemsha maji, upime kwa mita ya fundi umeme (maltimita). Elementi ya wati 3000 kwenye volti 230 itasoma kama ohm 17 au 18, ya wati 1500 kama 35, isiposoma kitu imekatika. Pima pia kati ya pini na chuma cha elementi, hapo haitakiwi kusoma chochote, ikisoma ujue umeme unavuja.

"Breka inaruka kila saa, weka kubwa zaidi." Hapana jamani! Shawa ya umeme ya wati 5500 inavuta karibu ampea 24, na fundi kaiunga kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5 kwa sababu ndo uliokuwa karibu. Ukiweka breka ya ampea 40 ni kweli haitaruka, kitakachoungua sasa ni waya ndani ya ukuta. Shawa ivutiwe waya wake wa milimita 6 na iwe na breka yake.

"Kupigwa shoti kidogo ukishika bomba ni kawaida ya shawa za umeme." Hii ndo inaniudhi kuliko zote, watu wanaoga na ndala miguuni wanaona wamelimaliza. Sio kawaida hata kidogo. Shawa nyingi za bei ya chini elementi yake iko uchi ndani ya maji, kwahiyo kisima chako kikiwa na chumvi, kama vilivyo vingi Dar, maji yenyewe yanapitisha umeme vizuri zaidi, ndo maana kuna shawa za maji ya chumvi ambazo elementi yake imefunikwa. Halafu kuna ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Utakuta ule waya wa kijani na njano umekatwa, au umefungwa kwenye bomba la maji, na bomba lenyewe siku hizi ni la plastiki, sasa umeme utaenda wapi? Ethi irudi kwenye bodi ya umeme mpaka kwenye chuma kilichozikwa ardhini, na uwekewe ile breka inayokata umeme ukivuja.

"Valvu ya hita inadondosha maji, izibe." Usithubutu. Maji yakipata moto yanatanuka, kutoka nyuzi 20 mpaka 60 yanaongezeka karibu asilimia 1.5, na kwenye tangi lililojaa hayana pa kwenda isipokuwa pale. Matone wakati inachemsha ni sawa. Ikitiririka muda wote hata hita ikiwa imezimwa, ama valvu imechoka au presha ya maji ni kubwa, badilisha valvu au weka ya kupunguza presha. Ukiziba, siku themostati ikigoma kukata una bomu ukutani.

"Shawa inatoa vuguvugu, fungua maji mengi zaidi." Kinyume chake. Wati 5500 zinapandisha lita 4 hivi kwa dakika kwa nyuzi 20, ukifungua mengi unayapoza mwenyewe. Na isipowaka kabisa angalia presha, ndani kuna mpira unaosukumwa na maji ndo unagusisha umeme, simtanki likiwa chini sana au tundu zimejaa mchanga hausukumiki.

Ngurumo ndani ya tangi? Ni ukoko wa chokaa kwenye elementi, mwaga maji, toa elementi, safisha.

La mwisho, "kuiacha imewashwa siku nzima kunaokoa LUKU." Wapi! Tangi linapoteza joto muda wote na themostati inawasha tena na tena hata kama hamna mtu nyumbani. Kuchemsha lita 50 kutoka nyuzi 20 mpaka 60 ni yuniti 2.3 hivi, hita ya wati 1500 inamaliza kwa saa moja na nusu, washa ukiamka na kama nyumba ina watu wengi waoge kwa kufuatana.